Nan, -127, 85, 99.9: kutafuta kosa kwenye mfumo wa kupima joto na unyevu wa nyumba uliojitengenezea

Mfumo tunaouzungumzia ni ule unaojengwa na wengi: bodi ya ESP32, sensa za DHT22 kwa joto na unyevu wa vyumba, sensa za DS18B20, za joto pekee, za kuzamishwa kwenye tenki la maji au za kuning'iniza darini chini ya mabati, na waya wa mtandao wa Cat5e unaopita juu ya dari kuunganisha vyote. Mezani mfumo huwa unafanya kazi vizuri. Shida zinaanza ukishapandisha waya.

Kosa kwenye mfumo huu mara chache huja kimya. Linakuja na namba, na namba hiyo ukiijua inakupeleka karibu na mahali lilipo. Kwa hiyo usianze kwa kubadilisha programu wala kununua sensa nyingine. Soma namba kwanza, kisha chukua maltimita.

Vipimo vitatu vinamaliza nusu ya kazi, na vyote vifanyie upande wa sensa, kule mwisho wa waya, si kwenye bodi. Cha kwanza, volti kati ya chanya na hasi: kama unalisha kwa 3.3 V, tegemea 3.2 au zaidi. Cha pili, volti kati ya laini ya data na hasi wakati hakuna kinachosomwa: iwe karibu sawa na ile ya chanya. Ukikuta 0, ama data imegusana na hasi, ama hakuna rezista ya kuvuta juu (pull-up, ile inayounganisha data na chanya), ama waya umekatika njiani. Cha tatu, zima umeme na uchomoe upande wa bodi, kisha pima omu kati ya data na chanya. Unapaswa kuona thamani ya rezista uliyoweka, mathalani 4.7 kΩ. Ukiona 2.3 kΩ wakati unajua uliweka 4.7, basi zipo mbili: sensa za DHT22 zilizobandikwa kwenye kibodi kidogo, yaani kibao cha saketi, chenye pini tatu huja na rezista yake tayari. Iangalie kwa karibu, ni kile kipande cheusi chenye maandishi 103, yaani 10 kΩ, au 472, yaani 4.7 kΩ.

Inaandika nan

Nan maana yake programu haikupata jibu linaloeleweka kutoka kwa DHT22. Kwanza tofautisha nan ya mara moja moja na nan isiyokwisha.

Nan inayotokea mara moja kati ya nyingi si ugonjwa. DHT22 hutuma biti 40 kwa mkupuo: 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za kuhakiki. Biti ya 0 ni mpigo wa kama mikrosekunde 26 hadi 28, biti ya 1 ni kama 70. Bodi ikishughulika na Wi-Fi katikati ya mkupuo, inapoteza hesabu ya mpigo mmoja na kila kitu kinatupwa. Iambie programu yako ijaribu tena baada ya sekunde 2. Usipunguze muda huo. Sensa yenyewe haipimi upya kabla ya sekunde 2, na ukiiuliza kila sekunde utazizalisha nan mwenyewe.

Nan isiyokwisha ina sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni pini. Geuza DHT22 ile upande wenye matundu ukutazame: kutoka kushoto ni chanya, data, pini isiyotumika, hasi. Aliyezoea kibodi cha pini tatu hujisahau na kuweka hasi kwenye pini ya tatu, na hapo sensa haina njia ya kurudisha umeme. Ukiwa umegeuza chanya na hasi, sensa inapata moto kidoleni ndani ya sekunde chache. Chomoa haraka, ingawa mara nyingi inakuwa imeshakwenda.

Ya pili ni pini ya bodi. Kwenye ESP32, GPIO (pini za bodi za kuunganishia vifaa) 34 hadi 39 ni za kupokea tu na hazina rezista ya ndani. DHT22 inahitaji bodi iiamshe kwanza kwa kuivuta laini chini, kwa hiyo kwenye pini hizo haitajibu milele hata waya ukiwa safi. GPIO 6 hadi 11 usiziguse, zinatumika na kumbukumbu ya bodi. Na ukichagua GPIO 12, utapata dalili ya ajabu zaidi: bodi haiwaki kabisa sensa ikiwa imechomekwa, na inawaka ukiichomoa. Pini hiyo inasomwa wakati wa kuwaka ili kuamua volti ya kumbukumbu, na rezista ya kuvuta juu inaidanganya. Tumia 16, 17, 25, 26, 27, 32 au 33 na utalala usingizi.

Ya tatu ni umbali. DHT22 kwa 3.3 V inafanya kazi vizuri kwenye mita chache. Ukiivuta mita 15 au 20, panda hadi 5 V, lakini hapo kuna mtego: kile kibodi chenye rezista kitaivuta laini ya data hadi 5 V pia, na pini za ESP32 hazikuundwa kupokea zaidi ya 3.6 V. Inaweza kufanya kazi wiki kadhaa kisha pini ikafa. Weka kibadilisha volti cha BSS138 katikati, au, ambalo tungelichagua sisi, weka bodi nyingine ndogo kwenye chumba hicho.

Kabla ya kuondoka hapa, kuna namba mbili zinazofanana na wazimu lakini zina hesabu kamili. Ukiona unyevu 1920 na joto 742, sensa yako ni DHT11, inayofanana na DHT22, ila programu imeambiwa ni DHT22. Unyevu halisi ni 75: programu imechukua 75, ikaizidisha kwa 256, ikagawa kwa 10. Joto ni 29 kwa hesabu hiyo hiyo. Kinyume chake, ukiona joto ni 1 na ushee ndani ya chumba ambacho shati limekuganda mgongoni, sensa ni DHT22 na programu inadhani ni DHT11. Badilisha neno moja kwenye programu, basi.

Inaandika -127

Hii ni ya DS18B20, na maana yake ni moja: sensa haipo kwenye laini. Waya umekatika, umelegea kwenye skrubu, au hakuna rezista ya kuvuta juu. Angalia pia rangi za ile sensa ya kuzamisha. Kwa kawaida nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na njano ni data, lakini watengenezaji hawakukubaliana, na zipo zinazokuja na rangi zao.

Ikiwa sensa moja inasoma vizuri na ukiongeza ya tatu au ya nne zote zinapotea, tatizo liko kwenye umbo la waya. Mtu hukaa katikati ya nyumba na kutandaza waya kama miguu ya pweza: mmoja jikoni, mmoja chumbani, mmoja darini, mmoja kwenye tenki. Kila tawi linarudisha mwangwi wa ishara, na mwangwi wa tawi moja unaangukia jibu la jingine. DS18B20 zinataka kupangwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Habari njema ni kwamba huhitaji kung'oa waya. Cat5e ina jozi nne. Tuma data kwenda chumbani kwa jozi ya bluu, iguse sensa, kisha irudi kwenye boksi la katikati kwa jozi ya kahawia, na kutoka hapo iende chumba kinachofuata. Kwa macho bado ni pweza, kwa umeme ni uzi mmoja.

Kuhusu rezista, hesabu ni rahisi na inafaa kuijua. Cat5e ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa karibu pikofaradi 50 kwa mita. Mita 20 ni 1,000. Ukiwa na rezista ya 10 kΩ, laini inahitaji mikrosekunde 10 na zaidi kupanda kutoka chini hadi juu. Bodi inasoma jibu la DS18B20 ndani ya mikrosekunde 15 tangu ianze kuuliza. Laini ikichelewa kupanda, biti ya 1 inasomwa kama 0. Kwa 4.7 kΩ unapumua, kwa 2.2 kΩ laini inapanda ndani ya mikrosekunde tatu hivi. Kwa hiyo waya mrefu, weka 2.2. Usishuke chini ya 1 kΩ, maana sensa itashindwa kuivuta laini chini. Na kumbuka laini iliyorudi kwa jozi nyingine imeongezeka urefu mara mbili.

Jozi zenyewe zipange hivi: bluu kwa data na bluu-nyeupe kwa hasi, pamoja, kwa sababu waya mbili zilizosokotana zinafutiana kelele. Chungwa kwa chanya, chungwa-nyeupe kwa hasi ya pili. Kosa la kawaida ni kuweka data kwenye bluu na hasi kwenye kijani, na hapo usokotaji wote umepotea bure.

Inaandika 85.00

Namba hii ndiyo ambayo DS18B20 huwa imeishika inapowaka, kabla haijapima chochote. Kuiona maana yake sensa ilipata umeme, ikaulizwa, na haikupewa nafasi ya kupima. Ikipima kwa biti 12 inahitaji milisekunde 750. Ama programu inasoma mapema, ama umeme wa sensa unakatika kwa nukta ndogo katikati ya kazi na inaanza upya.

Hili la pili linawapata zaidi wanaotumia waya mbili badala ya tatu, pale sensa inapojilisha kutoka kwenye laini ya data. Kimaandishi inawezekana. Lakini DS18B20 nyingi za mitaani ni nakala, na baadhi haziwezi kabisa kufanya kazi hivyo. Unganisha waya tatu, uweke kapasita ya 100 nF kati ya chanya na hasi pale pale kwenye sensa. Darini usiipuuze 85 kwa kudhani ni jua la mchana. Joto halisi hupanda pole pole na lina desimali zake, halirukii 85.00 kutoka 41.

Unyevu umegota 99.9

Pwani hili ndilo linaloua DHT22 nyingi. Bafuni au jikoni mvuke unageuka maji juu ya kile kitambuzi cha ndani, na chumvi ya hewani inabaki pale. Sensa inasoma 99.9 usiku, ikishuka mchana hadi 95 na hairudi tena. Sababu nyingine isiyotajwa sana ni silikoni ya kuzibia yenye harufu kama siki. Mvuke wake ukifungiwa kwenye boksi pamoja na sensa, unaiharibu. Ziba kwanza, acha ikauke siku mbili, ndipo uweke sensa.

Inaweza kufufuliwa. Maelekezo ya watengenezaji ni saa 2 kwenye nyuzi 50 hadi 60 na unyevu chini ya 10%, kisha saa 5 kwenye nyuzi 20 hadi 30 na unyevu juu ya 70%. Hatua ya pili kwa mtu wa Tanga au Mombasa ni bure: iache mezani. Ni ya kwanza inayowashinda watu, kwa sababu wanadhani moto peke yake unatosha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 75%, ukiipasha hadi 55, bado ina karibu 20%. Weka sensa kwenye mkebe wa chuma unaofunga pamoja na vifuko vya silika jeli vilivyokaushwa, kisha pasha mkebe kwenye oveni ya moto wa chini kabisa huku DS18B20 ikikuonyesha nyuzi ndani yake. Ikigoma baada ya hapo, itupe.

Bafuni usirudishe DHT22. Weka SHT31, sensa nyingine ya joto na unyevu, yenye usahihi wa kama ±2% na inayovumilia zaidi, mbali na bomba la mvua, huku tundu lake likitazama chini.

Joto linaonekana, unyevu hakuna

Ulitaka BME280, sensa ya joto, unyevu na kanieneo ya hewa, ukauziwa BMP280. Vibodi vinafanana, anwani ni zile zile 0x76 au 0x77, ila BMP280 haina kipimo cha unyevu kabisa. Uliza namba ya utambulisho kupitia programu: BME280 hujibu 0x60, BMP280 hujibu 0x58. Kwa macho, kipande cha chuma cha BME280 ni mraba, cha BMP280 ni mstatili. Hakuna cha kurekebisha hapo zaidi ya kurudi dukani.

Sensa hizi na SHT31 hutumia I2C, njia ya mawasiliano ya waya mbili (SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa) ambayo haikukusudiwa kutembea nyumba nzima. Kikomo chake ni pikofaradi 400, ambazo kwa Cat5e ni mita 8 kabla hujahesabu kingine chochote. Mita moja au mbili ni salama. Ukilazimika kwenda mbali kidogo, punguza kasi kwa Wire.setClock(10000), na usiweke SDA na SCL kwenye jozi moja.

Namba zinaaminika, lakini si kweli

Hili ndilo baya kuliko yote, maana hakuna kinachokuashiria. Chumba kina nyuzi 30, mfumo unaandika 33, na wewe unaamini. ESP32 yenye Wi-Fi hula karibu nusu wati, na ukiifungia kwenye boksi moja na sensa, kuongeza nyuzi 2 hadi 5 si ajabu. Unyevu nao unadanganya kwa upande wa pili: hewa ya nyuzi 30 yenye 80%, ikigusa sensa iliyopashwa hadi 33, inasomeka karibu 67%. Unadhani nguo kabatini ziko salama, kumbe ukungu unaanza.

Toa sensa nje ya boksi kwa waya wa sentimita 15 au zaidi, ikae chini ya bodi, kwa kuwa moto hupanda. Iweke kimo cha mita 1.5 kwenye ukuta wa ndani. Ukuta wa nje unaopigwa na jua la magharibi unaendelea kutoa joto hadi usiku. Na kama waya unatoka kwenye bomba lililozikwa ukutani, ziba mdomo wa bomba kwa kipande cha sponji. Hewa ya moto ya darini inashuka ndani ya bomba na kutokea pale pale nyuma ya sensa. Watu hubadilisha sensa tatu kabla ya kuliona tundu hilo.

Kujua kama unyevu unasomwa sawa, tumia chumvi ya mezani. Jaza kifuniko cha chupa, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa, si supu. Kiweke pamoja na sensa ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga barabara bila kugusana, waya upite kwenye tundu lililozibwa, na uache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Ndani panatulia kwenye 75%. Sensa ikisoma kati ya 72 na 78, iache. Ikisoma 83, toa 8 kwenye programu.

Bodi inajizima na kujiwasha

Kwenye skrini unaona "Brownout detector was triggered". Volti imeanguka. Mara nyingi mtu ameituma 5 V kupitia jozi moja ya Cat5e kwenda mita 20. Kwenda na kurudi ni omu 3.4 hivi, Wi-Fi ikivuta nusu ampea, volti 1.7 zinabaki njiani na bodi inapata 3.3 pale inapohitaji 5. Kama waya ni wa alumini iliyopakwa shaba, hali ni mbaya zaidi kwa mara moja na nusu. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, ndio huo, na huwa unakatika ukiukunja mara chache.

Tuma 12 V, kisha uishushe hadi 5 V kule mwisho kwa kishusha volti. Weka fyuzi ya ampea 1 mwanzoni mwa waya na kapasita ya 470 µF kwenye bodi. Kama kuruka kwa namba kunatokea pampu ya maji au friji inapowaka, chanzo ni waya kutambaa sambamba na umeme wa nyumba. Weka nafasi ya sentimita 30, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba. Kupitisha waya huu kwenye bomba moja na umeme wa 230 V hapana, hata kwa mita moja: ganda likichubuka, kile kisensa cha plastiki unachokishika kwa mkono ndicho kinachobeba umeme.

Saa zimepotoka

Rekodi zikianza na 1 Januari 1970, bodi iliwaka kabla ya ruta. Umeme ukikatika na kurudi, ESP32 inawaka kwa sekunde chache, ruta inachukua dakika mbili. Programu isubiri hadi ipate muda kutoka intaneti ndipo ianze kuandika.

Rekodi zikiwa nyuma kwa saa 3, hukuweka majira ya eneo kwenye programu. Zikiwa nyuma kwa saa 6, uliandika EAT+3. Alama hapo iko kinyume na tulivyozoea: Afrika Mashariki inaandikwa EAT-3. Kosa hili hujificha kwetu kuliko kwa watu wengine, kwa sababu saa tisa alasiri mfumo unaandika 09:00, nawe unasoma "saa tisa" na kuona kila kitu kiko sawa. Angalia joto la juu kabisa la siku limeandikwa saa ngapi. Likiwa 08:30 kila siku, si asubuhi hiyo.